Redio Mbili za Fundi Abasi

Baba yangu, Fundi Abasi, alikuwa mshonaji nguo pale Ipuli, Tabora, na cherehani yake aliiweka barazani ili wapita njia wamwone. Hakuwa na redio. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza redio ilikuwa kitu cha Waarabu wenye maduka na makarani wa reli. Mtu akimtania baba kwamba fundi mzima hana redio, alijibu kwamba anazo mbili, ziko uani, na wala hazili betri.

Redio hizo zilikuwa wake zake.

Ya kwanza ilikuwa mama yangu, Kuluthumu, mtoto wa mjini, ambaye babu zake walifika Tabora na misafara ya pembe na hawakurudi tena pwani. Mama alikuwa na sauti nyembamba na kali, ya kupenya ukuta. Kabla ya kuolewa alikuwa akiimba na kina mama wa ngoma kwenye harusi, na hata leo wazee wa mtaa wanakumbuka. Redio ya pili ilikuwa Getruda, binti wa wakulima wa tumbaku kutoka Sikonge, Wamoraviani. Baba alimwona alipokwenda huko kupeleka sare za kwaya alizoshona. Alimsilimisha, akampa jina la Mwanajuma, akamleta nyumbani. Mama hakulitumia jina hilo hata siku moja. Alimwita Getruda, tena kwa sauti ya juu, ili majirani wasisahau alikotoka. Mimi nilimwita Mama Mdogo.

Nilikuwa mdogo, sijaanza hata kwenda chuo cha Kurani, na kumbukumbu yangu ya kwanza ya muziki ni ya uani kwetu. Nimelala mkekani, nina homa, kichwa kizito. Mama yuko kwenye kinu upande wa jikoni, Mama Mdogo anafua upande wa pili karibu na karo. Mama anaimba. Mchi unapiga, sauti yake inapanda juu ya mchi, inakaa pale, halafu inashuka taratibu. Akinyamaza, Mama Mdogo anapokea kwa sauti yake nzito ya kanisani, yenye utulivu, kama mtu anayezungumza na maji. Nilifikiri wanapendana. Nilifikiri ndivyo watu wazima wanavyosalimiana wakiwa na furaha. Nililala vile vile na homa yangu, sitaki wanyamaze.

Nilichokuwa nasikia ni hiki. Mama alikuwa akiimba:

*Katoka kwao Sikonge, ananukia tumbaku,*
*Hajui nazi kukuna, hajui kupika kuku.*

Na Mama Mdogo, ambaye alipofika hakujua kabisa mambo ya kurushiana maneno kwa nyimbo, na mwanzoni alikuwa akijibu kwa tenzi za kanisani kwao tu mpaka watu wakamcheka, siku hizo alikuwa amekwisha kujifunza:

*Wewe kaa mlangoni, uhesabu nyayo zetu,*
*Zamu yako imekwisha, sasa hivi zamu yetu.*

Aliyemfundisha ni baba. Hili nililielewa baadaye, kwa kuambiwa na Bi Mwanne, jirani yetu aliyekuwa kiongozi wa ngoma ya kina mama. Siku ambazo alikuwa na zamu kwa mke mdogo, baba alimpa maneno ya kumjibu mkubwa. Siku za zamu ya mkubwa alimweleza mama yale ambayo mdogo amesema kitandani, na mengine aliyatunga mwenyewe. Halafu asubuhi alikaa barazani na cherehani yake, mlango wa kati ameuacha wazi, akisubiri. Wateja walikuja na vitambaa vyao mapema kuliko ilivyolazimu. Walikaa kwenye benchi, wakanywa kahawa, wakasikiliza. Aliyeimba vizuri zaidi siku hiyo baba alimsifu mbele ya wageni kwa sauti, na sikukuu zilipofika aliyeshinda alipata kanga mpya na mwenziwe akapata iliyofifia. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheza katikati ya ua, nikipiga makofi, na wote wawili, kwa nyakati tofauti, walinibeba.

Sitaki kusema kwamba mama hakuumia. Aliumia. Nilimwona akikaa jikoni na moshi, macho mekundu, akitafuta maneno midomoni kimya kimya kama mtu anayekariri sura. Lakini akishayapata maneno, uso wake ulibadilika. Alikuwa mzuri kwa wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Nadhani Mama Mdogo pia alikuwa amefika mahali pa kuipenda kazi hiyo, maana mara nyingine nilimkuta akichota maji na kuguna wimbo wa mama, akiujaribu kwa sauti yake, bila maneno.

Mwaka ule ambao uhuru ulikuwa unazungumzwa kila kibaraza, Mama Mdogo alizaa mtoto wa kiume. Baba alifurahi mno, kwa kuwa mama alikuwa amenizaa mimi peke yangu na baada yangu hakukuwa na mwingine. Akampa mtoto jina la Nassibu. Kwa muda mrefu Mama Mdogo ndiye aliyeshinda kila siku, hata akiimba vibaya. Aliimba akinyonyesha, ameketi mlangoni pake miguu ameinyoosha, na nyimbo zake zilijaa mtoto: macho ya mtoto, vidole vya mtoto, baba kapata mrithi. Mama alimjibu mara chache, na majibu yake yalikuwa dhaifu. Bi Mwanne alinisimulia kwamba wateja barazani walianza kumhurumia mama, na kwamba huruma hiyo ilimkera mama kuliko matusi.

Surua ilipoingia Ipuli ilichukua watoto wengi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuugua zamani. Nassibu hakuwa hata ameanza kukaa. Alishikwa homa, macho yakaziba, pumzi ikawa ya kelele, na alasiri moja akafa mikononi mwa mama yake wakati baba amekwenda kutafuta dawa ya pili. Wanaume walimwosha, wakamvika sanda, wakamchukua. Alikuwa mdogo kiasi kwamba baba alimbeba mwenyewe kifuani, kama kitambaa cha mteja. Kina mama walibaki ndani kama ilivyo desturi. Mama Mdogo hakuona mtoto anakozikwa.

Siku zilizofuata nilimwona akiteseka kwa maziwa. Matiti yalimjaa, kanga ikalowa, na Bi Mwanne akamwelekeza aende kando ya ukuta wa choo akayakamue chini, ayafukie kwa mchanga. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, ametupa mgongo. Mama alikuwa akimtazama kutoka jikoni. Hakuimba. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na niseme ukweli kwamba katika kimya hicho mama alimpikia uji mwenziwe, akampelekea, na Mama Mdogo akanywa.

Baba ndiye aliyechoka. Benchi la barazani lilikuwa tupu. Wateja walileta vitambaa, wakatoa pole, wakaenda zao. Arobaini ilipopita, alirudi kutoka mjini na kanga mpya, doti nzima, nyekundu yenye michoro ya korosho nyeupe, akaitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo katikati ya ua, ionekane kutoka barazani. Akasema nyumba imepoa kama ya Waingereza. Akasema kanga hiyo ni ya yule atakayeirudishia uhai. Kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake, na kama kawaida akauacha mlango wa kati wazi.

Walikuwapo watu barazani siku hiyo. Aliwaita yeye.

Mama alikuwa anachagua mchele. Aliitazama kanga, akamtazama Mama Mdogo ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, akaendelea kuchagua mchele. Nilidhani hataimba. Halafu akaanza, taratibu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, na wimbo wenyewe ulikuwa mpya. Ulipanda kama ngazi, ukasimama, ukageuka pale ambapo sikio halikutegemea. Mpaka leo sijasikia wimbo mzuri kuliko huo.

*Walipata kijitoto, wakatutambia sana,*
*Nasibu huja kwa watu, kwa wengine huja jina,*
*Maziwa yamwagwa chini, wa kuyanyonya hakuna.*

Aliurudia. Mara ya pili aliuimba kwa sauti yake kamili, kichwa amekiinua, na ungo umesimama mikononi mwake.

Barazani hakucheka mtu. Nilisikia benchi likilia, mtu akiaga, kisha mwingine. Bi Mwanne, ambaye alikuwa amesimama kwenye kichochoro, alijifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani lakini hakuondoka. Baba aliingia uani. Wageni wake walikuwa wanamkimbia na alitaka kuwahi.

"Mjibu," alimwambia Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa ameweka mikono magotini. Kanga yake ilikuwa na madoa mawili ya maji kifuani. Alisema hana la kujibu. Baba akamwambia tena, akataja hata maneno ya kuanzia, akamwimbia yeye mwenyewe kwa sauti yake mbovu, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mjinga. Mama Mdogo akamtazama. Baba akampiga kofi, na aliponyanyuka kwenye kigoda akampiga la pili. Kisha akaivuta ile kanga kwenye kamba, akamtupia mama. Mama aliivaa kesho yake.

Tangu siku hiyo Mama Mdogo hakuimba. Alipika, alifua, alisalimia, aliniogesha, alinisuka. Baba alifanya kila aina ya jambo. Alimbembeleza, alimnyima chakula, alimfungia nje mvua ikinyesha, alimwambia mbele za watu kwamba alinunua redio na sasa imeharibika. Mama naye aliendelea kuimba kila asubuhi, akimchokoza kwa nyimbo mpya, na kwa kuwa hakuna aliyempokea, nyimbo zake zilikatikia njiani. Nilianza kuogopa asubuhi. Mwishowe baba alimwandikia talaka. Kaka yake, Silasi, alikuja kutoka Sikonge na baiskeli, akafunga sanduku la dada yake kwenye keria. Mama Mdogo akatembea kando ya baiskeli. Nililia, nikataka kumfuata, na mama akanifinya paja mpaka nikanyamaza.

Miezi michache baadaye uhuru ulifika. Kila mtaa ulitakiwa utoe kikundi cha kuimba uwanjani siku ya bendera, na Bi Mwanne alipewa kina mama wa Ipuli. Alikuwa na maneno lakini hakuwa na wimbo. Alikuja kwetu, akakaa jikoni na mama. Hakuzunguka. Alisema anautaka ule wa siku ile. Mama alikubali hapo hapo. Wakakaa wanabadilisha maneno, mimi nikiwa nimeegemea kinu, na kile kipande cha mwisho cha wimbo hata hawakuhangaika nacho sana. Walihitaji kugeuza silabi moja tu.

*Bendera imepandishwa, furahini sote wana,*
*Mkoloni kaondoka, wa kutunyonya hakuna.*

Tabora nzima iliuimba. Uwanjani siku ile wanawake waliuimba mpaka sauti zikakauka, na wanaume wakaupokea. Watoto waliuimba wakienda chuoni. Makuli wa stesheni waliuimba wakipakua magunia. Ulipanda treni, ukapanda malori ya tumbaku, ukasambaa. Mama alipita sokoni watu wakimwonyesha kidole kwa heshima, na alivaa kanga yake nyekundu mpaka ikachanika.

Baba, kwa sifa hizo, alipata wateja wakubwa, wakiwemo wa chama, akashona sare nyingi, na mwaka uliofuata akanunua redio ya kweli, ya mbao, yenye kitambaa mbele. Aliiweka barazani mahali pa benchi. Mara ya kwanza mama alipoanza kuimba jikoni redio ikiwa inalia, baba alipiga kelele kutoka barazani kwamba anyamaze, hasikii. Mama alinyamaza. Aliimba kwenye harusi za watu, na nyumbani akazungumza kidogo tu.

Nilikua. Nilisoma, nikaenda chuo cha ualimu, na mwaka wa sabini na nne nikapangiwa kufundisha katika kijiji kipya kando ya barabara ya Sikonge. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka porini na kutoka mashamba yao ya zamani, wengine nyumba zao zimebomolewa nyuma yao ili wasirudi. Walikuwa wamejenga vibanda vya majani kwa mstari mnyoofu. Mizinga yao ya nyuki ilibaki mbali kwenye miombo. Shule yenyewe ilikuwa paa na nguzo.

Nilikuwa sijamaliza hata kupanga vitu vyangu tulipoambiwa kwamba wageni kutoka wilayani wanakuja kukagua kijiji. Mwalimu mkuu, Mwalimu Tobias, aliniagiza niwaandae kina mama kuwaimbia. Aliongeza kwamba nisijisumbue kuwafundisha, wimbo wanaujua. Walijipanga mbele ya ofisi ya kijiji, wengine na watoto migongoni. Mwenyekiti wa kijiji alipita nyuma yao akitazama midomo, kwa maana asiyeimba alihesabiwa kuwa anapinga, na aliyepinga alikosa mahindi ya msaada. Wakaanza. Ulikuwa wimbo wa mama.

Mama Mdogo alikuwa mstari wa pili. Alikuwa amekonda, kichwa amefunga kitambaa cheupe kama Wamoraviani wa huko. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Sauti nzito, ya utulivu, imekaa chini ya nyingine zote na kuzibeba. Aliniona. Hakuacha kuimba. *Wa kutunyonya hakuna*, aliimba, mpaka mwisho, na mwenyekiti akapita.

Jioni nilikwenda kibandani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda na karanga za kuchemsha. Aliishi na Silasi na familia yake. Hakuolewa tena. Alisema kwamba mara ya kwanza kuusikia alikuwa mnadani Sikonge, wiki ya uhuru. Watu walikuwa wanacheza, na alisimama kwenye jua akausikiliza wote.

"Nikaona mwanangu hayumo," alisema. "Wamemtoa, wameweka bendera."

Nilimwuliza anawezaje kuuimba. Alinitazama kwa mshangao kidogo, akanijibu kwamba Silasi ana watoto wengi na mahindi yanatolewa kwa majina. Hakulalamika. Nilipoinuka kuaga ndipo aliponiuliza kama najua kaburi la Nassibu liko upande gani wa makaburi ya Ipuli, na kama kuna mtu anayelipalilia. Sikujua. Nilimwambia nitauliza.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa barazani na redio yake, macho yamefifia, cherehani imefunikwa gunia. Mama alikuwa uani akipeta mchele. Nilikaa karibu naye, nikamweleza kwamba nimemwona Mama Mdogo, kwamba yu hai, na kwamba anaulizia kaburi la mtoto. Sikutaja wimbo. Lakini nilisema tumekutana kwenye mapokezi ya wageni, kina mama wakiimba, na mama aliacha kupeta.

"Wimbo gani?"

Nikamwambia.

"Na yeye aliimba?"

Nilisema aliimba.

Mama aliweka ungo chini. Alianza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Baba aliuliza kutoka barazani kuna nini. Mama alikwenda mpaka mlango wa kati, akamweleza: Getruda anaimba, huko porini, anaimba ule ule, na usipoimba hupati mahindi. Baba alizima redio ili asikie vizuri. Akamtaka arudie. Kisha naye akacheka, akikohoa, akipiga goti kwa kiganja. Sikumbuki kuwaona wazazi wangu wakicheka pamoja kabla ya siku ile. Mama alikaa kwenye kizingiti karibu na miguu yake, na baba akamwekea mkono begani.

Niliuliza tena juu ya kaburi. Baba alisema hakuweka alama, mtoto mchanga hahitaji alama, na kwamba upande ule mvua zimekwisha kuusawazisha siku nyingi. Nilikwenda mwenyewe makaburini kesho yake asubuhi. Kulikuwa na nyasi na mbuzi.

Sikumaliza likizo. Nilirudi na lori la tumbaku, nimekaa juu ya marobota, na jioni nikaenda kwa Mama Mdogo, nikamweleza kama ilivyo: hakuna alama, hakuna anayepalilia, baba hakumbuki. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

Alisema hilo alilijua tangu zamani.

"Nilitaka kuona tu kama utarudi kuniambia," alisema.

Akanisogezea gunzi nimsaidie, na tukapukuchua mpaka kapu likajaa.